MGENI WA KARIAKOO: MOYO WA MTU ALIYEHAMA

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo waliohitimu. Someni pamoja, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.)

Ndugu wanakisomo,

Leo tutazungumza habari ya kuhama. Sitazungumza habari ya nauli wala ya mizigo. Nataka tuzungumze habari ya moyo wa mtu anayehama. Anaogopa nini? Anaficha nini? Ni kitu gani kinachomfanya siku moja aseme, "Hapa nami ni kwetu"?

Jambo hili linatuhusu sote. Nyumba ambazo hazina mtoto, ndugu au shemeji aliyekwenda Dar es Salaam ni chache. Sensa ya mwaka 1957 ilikuta mji ule una watu karibu 129,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Jamani, watu hao wote hawakuzaliwa pale. Wengi wao, au wazazi wao, walitoka katika vijiji kama hiki chetu.

Iko elimu inayochunguza nafsi na tabia za watu. Inaitwa saikolojia. Wataalamu wake wamechunguza sana watu wanaohama. Lakini leo kitabu chetu cha kusomea kitakuwa Kariakoo, maana pale wageni wamekuwa wakigeuka wenyeji kwa miaka zaidi ya mia moja.

KARIAKOO NI MTAA WA WAGENI

Tuanze na jina. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ya 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi yetu. Magari hayakutosha, na ndorobo waliua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa vichwani na wapagazi Waafrika. Kikosi cha wapagazi hao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wakawekwa kambi mahali pale. Watu wakalitamka jina lile kwa ulimi wao: Kariakoo.

Basi kumbukeni. Jina la soko kubwa kuliko yote nchini limetoka kwa watu walioondolewa kwao, wengi kwa nguvu. Maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, na hawakurudi kuona makwao.

Tazameni pia majina ya mitaa yake. Uko Mtaa wa Kongo, Mtaa wa Nyamwezi, Mtaa wa Pemba, Mtaa wa Mafia na Mtaa wa Likoma. Ukitembea Kariakoo ni kama unasoma orodha ya mahali watu walikotoka.

Wakoloni waliugawa mji kwa rangi. Wazungu walikaa kwao, Wahindi kwao, na Waafrika wakawekwa ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Wazaramo ndio waliokuwa wenyeji wa sehemu zile. Wakaja Wanyamwezi, Wangoni, Wayao na wengine wengi. Wakaja Wamanyema, ambao asili yao ni mashariki ya Kongo. Hao Wamanyema, waliokuja kama wageni wa mbali kabisa, wakajenga nyumba na kupangisha vyumba. Mgeni akawa mwenye nyumba!

Nitawapa mfano wa ukoo mmoja unaojulikana katika historia. Mwaka 1889 Wajerumani walileta askari kutoka Msumbiji ili kupigana vita vya pwani. Mmoja wao alikuwa Mzulu aliyeitwa Sykes Mbuwane. Mwanawe, Kleist Sykes, alikuwa katibu wa African Association, chama cha Waafrika kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Mjukuu wake, Abdulwahid Sykes, alikuwa mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954. Na Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, ni nyumbani kwa Abdulwahid, Kariakoo, alikokaribishwa. Mnaona? Babu alikuja akiwa mgeni tena askari wa kukodiwa. Mjukuu akawa mwenyeji wa kumpokea mtu wa Butiama. Ni vizazi vitatu tu.

MOYO UNAPITA WAPI?

Sasa tuuangalie moyo wenyewe. Tuseme kijana ametoka kijijini, ameshuka na begi lake Kariakoo.

Siku za kwanza ni za furaha. Taa, maduka, watu! Anapiga simu nyumbani anasema, "Mama, nimefika, huku kuzuri."

Baada ya wiki chache furaha inapungua. Anaona kwamba kila kitu kina bei: maji, choo, hata mahali pa kuegemea. Anasalimia watu njiani kama alivyofundishwa nyumbani, wala hawamwitikii. Anavuka barabara kwa woga, mtu anacheka, anamwita "mshamba". Neno hilo ni dogo, lakini linachoma. Kijijini alikuwa mtoto wa fulani, hodari wa kulima au kucheza ngoma. Huku hakuna anayemjua babu yake. Sifa zake zote zimebaki kwao. Usiku hapati usingizi. Kichwa kinamuuma, chakula hakimpendezi, anakasirika upesi. Mwingine anadhani amerogwa. Kumbe ni kihoro na upweke. Wataalamu wanasema hali hii huwapata watu wengi wanaohama, wawe wamekwenda Dar es Salaam, London au Muscat. Si ugonjwa wa aibu.

Halafu inakuja hatua ya kuzoea. Anajifunza njia, bei na mizaha ya mji. Anampata mtu wa kumwambia shida. Pole pole mji unapungua ukubwa. Lakini hatua hii haiji yenyewe kama mvua. Inategemea mambo mawili: njia anayoishika mgeni, na namna mwenyeji anavyompokea.

NJIA NNE ZA MGENI

Mtaalamu mmoja wa saikolojia wa Kanada, John Berry, amefundisha kwamba mtu aliyehama ana maswali mawili moyoni. La kwanza: Je, nishike ya kwetu? La pili: Je, nichanganyike na watu wa hapa? Majibu yakikutana, zinatokea njia nne.

Njia ya kwanza ni kutupa ya kwao na kushika ya mji tu. Huyu anaona haya kusema lugha ya mama yake. Akiulizwa kwao anasema, "Mimi mtoto wa mjini." Simu ya nyumbani hapokei.

Njia ya pili ni kushika ya kwao na kujifungia. Huyu anakaa na watu wa kijiji chake peke yao. Anakula nao, anafanya kazi nao, anazozana nao. Mji wote uliobaki ni adui.

Njia ya tatu ni kukosa kote. Ya kwao ameyaacha, na ya mji hayajamkubali. Huyu ndiye wa kumhurumia kuliko wote. Hana wa kumzika na hana wa kumsuta.

Njia ya nne ni kushika yote mawili. Anakumbuka kwao, anapeleka salamu, anajua mila zake. Lakini pia ana rafiki wa kabila jingine, anahudhuria msiba wa jirani, anajua mwenyekiti wa mtaa wake ni nani. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba kwa kawaida watu wa njia hii ndio wenye nafsi tulivu zaidi.

Wahenga wetu walikwisha kulijua jambo hili. Walisema, "Mkataa kwao ni mtumwa." Wakasema pia, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho." Wengine hudhani methali hizi zinapingana. Hazipingani, ndugu zangu. Zinakwenda pamoja kama miguu miwili. Mtu akitembea kwa mmoja tu, ataanguka.

MWENYEJI NAYE ANA MOYO

Tusimlaumu mgeni peke yake. Mwenyeji naye ana hofu zake. Anaogopa kunyang'anywa kazi, chumba, na hata heshima. Wenyeji wa Dar es Salaam wana neno lao, "wa kuja". Mara nyingi ni mzaha tu. Lakini mzaha ukirudiwa kila siku, mgeni anaanza kuamini kwamba yeye kweli si mtu wa mahali pale.

Mwaka 1954 mtaalamu wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kitabu kuhusu chuki baina ya watu. Alisema kwamba kukutana tu hakutoshi kuondoa chuki. Watu wanaweza kupishana miaka ishirini wakazidi kuchukiana. Chuki inapungua watu wakikutana wakiwa sawa, wakiwa na lengo moja, wakishirikiana kazi, na wakuu wao wakiunga mkono umoja huo.

Sasa angalieni nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ya zamani. Katikati ujia, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mbele baraza, nyuma ua wenye jiko na choo. Kila chumba alikaa mpangaji na watu wake. Mzaramo chumba hiki, Mngoni chumba kile, Mnyamwezi kinachofuata. Wote walichangia choo kimoja. Wote walipanga zamu ya kufagia ua. Mtoto wa huyu akiumwa usiku, yule ndiye aliyegonga mlango. Walikuwa sawa, na kazi ilikuwa moja. Ua ule ulifanya kazi ya shule.

Siku hizi nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa, yamejengwa maghorofa ya maduka. Biashara imekua, hilo ni jambo jema. Lakini ua na baraza vimepotea, na mgeni wa leo inambidi atafute shule nyingine.

Shule hizo zipo. Ya kwanza ni lugha. Ukijua Kiswahili, huna haja ya mkalimani Kariakoo.

Ya pili ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na baadaye wakawa watani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara ya pwani na bara. Mtani anakutukana, unacheka. Lakini kwenye msiba mtani huyo huyo anakuja kufanya kazi. Mji wenye mitani mingi hauwezi kumwacha maiti alale bila wa kumzika.

Ya tatu ni vyama. Tangu zama za Waingereza watu wa makabila walianzisha vyama vya kusaidiana Dar es Salaam, kwa ajili ya ugonjwa, mazishi na nauli ya kurudi kwao. Vyama hivyo vilimpa mgeni pa kuegemea. Baadaye watu wakajiunga na TANU, chama cha wote, kilichokuwa na ofisi yake mtaa ule ambao leo unaitwa Lumumba.

Ya nne ni mpira. Yanga ilianzishwa 1935, Simba ikafuata 1936. Zote mbili zina makao yao huko huko, Yanga Jangwani na Simba Mtaa wa Msimbazi. Mgeni akifika haulizwi sana kabila lake. Anaulizwa, "Wewe Simba au Yanga?" Akijibu, tayari ana ndugu nusu ya mji, na watani nusu iliyobaki!

Hata jina la kazi linaweza kuzaliwa na wageni. Wamachinga ni kabila la Mkoa wa Lindi. Vijana wa kusini walipokuwa wengi katika biashara ya kutembeza bidhaa Dar es Salaam, jina likawashika wote. Leo anayetembeza bidhaa, awe Mgogo au Mhaya, ni machinga.

KUFUKUZA HAKUPONYI

Serikali mbalimbali zilijaribu kuzuia watu kukaa mjini. Waingereza waliwakamata wasio na kazi na kuwarudisha makwao. Baada ya uhuru palikuwa na kampeni ya mwaka 1976, kisha Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983. Watu walikamatwa na kupelekwa vijijini. Nia ilikuwa watu wafanye kazi. Lakini wengi walirudi mjini. Kwa nini? Kwa sababu lori linabeba mwili tu. Haliwezi kubeba sababu iliyomfanya mtu ahame. Kama nyumbani hakuna ardhi, hakuna fedha, au kuna ugomvi, mtu atahama tena.

WAGENI KUTOKA NCHI NYINGINE

Siku hizi Kariakoo wako pia wafanyabiashara kutoka nchi nyingine, wakiwemo Wachina. Wenye maduka Watanzania walilalamika kwamba wageni wanauza hata rejareja na kuwamaliza. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, kama vile kutengeneza simu, kutuma fedha kwa simu, na saluni.

Nchi ina haki ya kupanga nani afanye biashara gani. Lakini, ndugu zangu, tutofautishe sheria na tusi. Sheria inasema, "Biashara hii ni ya raia." Tusi linasema, "Wewe si mtu." Mgeni akivunja sheria, viko vyombo vya kumshughulikia. Hakuna sheria iliyomruhusu mtu kumzomea mwenzake njiani. Wala tusisahau kwamba na sisi tuna watoto wetu Oman, Afrika Kusini na Uingereza. Tunavyotaka wao watendewe huko, ndivyo tutende hapa.

Tena nchi yetu ina mfano mzuri. Mwaka 1972 watu wengi wa Burundi walikimbia mauaji wakaja kwetu. Walipewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakazaa, watoto wakasoma shule zetu. Hatimaye wengi wao wakapewa uraia. Mwaka 2014 waliopata vyeti vyao walikuwa zaidi ya 160,000. Mwanzoni palikuwa na mpango wa kuwatawanya katika mikoa mingine. Mpango huo ukaachwa, wakabaki walipozoea. Mtu akikaa miaka arobaini mahali, mizizi yake iko pale, pamoja na makaburi ya wazee wake.

TUFANYE NINI?

1. Kabla kijana hajaondoka, ajue anakwenda kwa nani, mtaa gani. Achukue kitambulisho chake. Namba za simu za nyumbani aziandike kwenye karatasi pia, maana simu inaibwa.

2. Akifika, ajitambulishe kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Asingoje mpaka apate matatizo.

3. Atafute angalau rafiki mmoja asiyetoka kwao. Ajiunge na kikundi: kwaya, timu, msikiti, kanisa, au chama cha kuweka akiba.

4. Ninyi wa nyumbani, mkipiga simu msianze na habari ya fedha. Anzeni hivi: "Umelala wapi? Umekula nini? Jirani yako ni nani?" Vijana wengi wanaonyamaza miezi mingi hawakuwasahau wazazi. Wanaona aibu kwa kuwa hawana cha kutuma. Kila simu ikiwa ya kuomba, ataizima.

5. Anayerudi mikono mitupu msimcheke. Msimwite mtu aliyeshindwa. Hofu ya kuchekwa ndiyo inayowafanya wengine wabaki mjini wakiharibika, na wengine wazikwe huko bila ndugu.

6. Hapa kijijini petu tuna wageni pia: mwalimu, muuguzi, mfugaji, mke aliyeolewa kutoka mbali. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengine wanadhani methali hiyo ni ya kumfukuza. Si hivyo. Jembe ni nafasi ya kufanya kazi pamoja nasi. Mgeni asiyepewa jembe anabaki mgeni siku zote.

Na la mwisho, ndugu wanakisomo, nalo ni lenu hasa. Zamani barua ikitoka mjini, mama alimpelekea mtu mwingine amsomee. Kijana alijua hivyo. Kwa hiyo aliandika, "Mimi mzima, hofu ni kwenu," basi. Hakuweza kuandika kwamba ana njaa, au kwamba analia usiku, maana kijiji kizima kingesikia. Leo mnasoma wenyewe. Ujumbe wa simu unausoma peke yako, na jibu unaliandika kwa mkono wako. Sasa mwanao anaweza kukueleza ukweli. Basi mwandikieni leo hii. Maneno matano yanatosha: "Habari zako? Nieleze bila kuficha." Kisha mngojeeni ajibu, na akijibu, yaliyo yake yabaki kwenu wawili.



MASWALI YA KUJADILIANA

1. Jina la Kariakoo limetokana na nini?
2. Taja njia nne anazoweza kushika mtu aliyehama. Umewahi kumwona mtu wa kila njia?
3. Ua wa nyumba ya Kiswahili ulisaidiaje watu kuelewana? Hapa kwetu watu wa makabila mbalimbali wanakutana wapi?
4. Ni mgeni gani kijijini petu ambaye bado hatujampa "jembe"? Tufanye nini?
5. Andika ujumbe mfupi kwa ndugu yako aliye mbali. Usitaje fedha.